Mndimu wa Nyuma

"Geuza shingo tu. Sikwambii uhame."

"Sigeuzi."

"Shingo, bwana, siyo figo. Unageuza, unaangalia, unarudi. Nani atajua?"

"Mimi nitajua."

"Basi jua halafu unyamaze, kama wenzako wote wanavyofanya."

"Sikiliza. Ukitaka kukaa hapa na mimi, kaa. Umeniletea chai, nashukuru. Ila ukinitajia shingo tena nitakwambia uondoke, na sitaki uondoke, Mshamu. Siku ni ndefu na mimi naogopa."

Mshamu akakaa. Siyo kwamba alikubali. Alikaa kwa sababu lile neno la mwisho hakulitegemea. Zuberi amemjua tangu wako wadogo, wanaiba mapera pamoja, wanachapwa pamoja, na hajawahi kumsikia akisema anaogopa kitu. Sasa yuko pale, amekaa juu ya kigoda cha saruji katikati ya bustani, turubai limesimama mbele yake jeupe pe, brashi iko mkononi.

Lazima mtu aijue hiyo bustani, la sivyo ataona hawa vijana wawili wamechanganyikiwa.

Katika mji ule mtoto akizaliwa, kitovu chake kikishadondoka kinapelekwa bustanini. Kinafukiwa, na juu yake unapandwa mti. Huo ndio mti wake mpaka afe. Mti ukiwa hai, mtu ana jina. Ukikauka, jina linakauka nao, na kuanzia siku hiyo anaitwa kwa mluzi. Hafukuzwi mtu, hapigwi, hanyimwi chakula. Anakaribishwa kwenye harusi kama kawaida. Ila hakuna cha kumwita. Baba yake Mshamu ni mmoja wao. Mke wake akitaka kumwambia chakula tayari, anasimama mlangoni anapiga mluzi mdogo, wa chini kabisa, kama mtu anayeita ndege asiyetaka kumtisha. Mshamu amekua anausikia mluzi ule kila siku, na kila siku unamkera, na hajawahi kusema.

Kiangazi cha mji ule kinakula. Majani yanakuwa kama makaratasi, mbwa wanalala ndani ya mifereji, na tangi la bustani linabaki na maji ya kutosha miti michache. Zamani watu walikuwa wanagombana nani apewe. Walipigana, wakaumizana, wakazikana. Mpaka akatokea mtu akasema, jamani, tusichague sisi. Tumweke mchoraji. Akae bustanini siku moja ya kiangazi, achore anachokiona. Kilichomo kwenye picha kinyweshwe, ambacho hakimo kisinyweshwe, na asilaumiwe mtu. Watu wakapumua. Wakaona hapo wamepata haki, maana macho hayana ndugu. Kikaletwa kigoda, kikatiwa saruji kisisogezwe, na ikawekwa sheria moja tu: mchoraji hageuzi shingo. Achore kilicho mbele yake.

Hakuna aliyeuliza kigoda kiangalie wapi.

Hilo ndilo lililokuwa linamtafuna Mshamu pale alipokaa chini, mgongo kwenye ndoo tupu. Nani alikishika kile kigoda siku ile? Mtu fulani alikibeba. Alikuwa na mikono, alikuwa na jasho, labda alikuwa na njaa anataka amalize aende zake. Akakitua. Angeweza kukitua hivi, akakitua vile. Labda hakufikiria kitu. Labda alifikiria sana, akaangalia mti wake uko wapi, wa mama yake uko wapi, halafu ndiyo akakitua, akajifuta mikono, akasema haya, hapa. Saruji ikakauka. Na saruji ikishakauka haijui tena kama aliyeimwaga alikuwa mwizi au alikuwa amechoka. Wajukuu wa wajukuu wanakuja wanakikuta, wanasema ndivyo kilivyo. Ndivyo kilivyo. Watu wa mji ule wanapenda sana hayo maneno. Mtu amezaliwa mti wake uko nyuma, anaambiwa ndivyo kilivyo. Mtu amezaliwa mti wake uko mbele, naye haambiwi kitu, anakunywa maji tu, anajiona mtu mzuri.

Mndimu wa Mshamu ulikuwa nyuma. Nyuma kidogo, upande wa kushoto. Mpaka sasa ulikuwa hai kwa sababu moja ya ajabu: mchoraji aliyetangulia alikuwa na shingo ya upande. Alizaliwa nayo hivyo. Akikaa kwenye kigoda kiwiliwili kinaangalia mbele, uso unaangalia kushoto, na sheria haikusema lolote juu ya mtu aliyepinda kwa kudra ya Mungu. Kwa hiyo miti michache ya kushoto ilikuwa inaponea kwenye pembe ya jicho la mzee yule. Mti wa baba yake Mshamu ulikuwa nyuma kabisa, hata ile shingo haikuufikia. Basi mzee akafa, mji ukatafuta mchoraji mwingine, ukampata Zuberi, kijana fundi, mkono mwepesi. Mji mzima ulifurahi. Mshamu alifurahi kuliko wote, alimbeba Zuberi mabegani sokoni akizunguka naye. Ilibidi afike nyumbani alale aamke ndiyo akili imjie kwamba rafiki yake ana shingo iliyonyooka.

"Umeanza na nini?" akauliza.

"Mpera."

"Mpera wa nani?"

"Mpera, Mshamu. Mimi nachora mpera. Mambo ya nani ni ya Bi Mwatima, akija jioni kunywesha."

Zuberi alikuwa anapaka kijani cha kwanza. Huwezi kumtazama Zuberi akichora ukaendelea kumkasirikia vizuri, hiyo ndiyo taabu yake. Anauma ulimi. Anaweka rangi kidogo, anarudisha kichwa nyuma, anaitazama kama mama anayetazama mtoto aliyelala. Mpera ukaanza kutokea pale kwenye turubai, na ajabu, ule wa kweli kule mbele ukaanza kuonekana umechakaa, kama wenyewe ndio nakala.

Jua nalo lilikuwa na tabia zake siku ile. Watu wa mji wanajua kwamba siku ya kuchora haina saa. Jua linakaa linamsubiri mchoraji. Akiweka brashi chini, linasimama. Akiichukua, linasogea. Mshamu aliona kivuli cha ndoo kimekaa palepale wakati Zuberi anakunywa chai, na alipomaliza chai kivuli kikaanza tena kutambaa. Akafikiria kumpokonya brashi akimbie nayo, siku isiishe kabisa, jioni isifike, jina libaki. Lakini utaishi vipi ndani ya asubuhi moja? Utaoa saa ngapi?

Akasimama.

"Unaenda wapi?" Zuberi akauliza, macho mbele.

"Kazini. Narudi."

Mshamu alikuwa ananyoa nywele kwenye kibanda karibu na soko. Aliingia, akakuta mwenzake anamnyoa mtu, hakumsalimia yeyote, akakiondoa kioo kikubwa ukutani na misumari yake, akatoka nacho. Nyuma yake mtu aliyenyolewa nusu akauliza, "Sasa mimi nitajiona wapi?" Mshamu akamwambia akajione kwa mke wake.

Aliporudi bustanini amekikumbatia kile kioo, jua lilikuwa limesogea mpaka utosini. Zuberi alikuwa amemaliza mpera na mpapai wa kulia kwake. Katikati ya ile miti miwili kulikuwa bado kweupe.

"Sheria inasema usigeuze shingo," Mshamu akasema.

"Umeanza tena."

"Sijaanza. Nauliza. Inasema chochote kuhusu kioo?"

Brashi ikasimama, kivuli nacho kikasimama.

"Inasema nichore kilicho mbele yangu."

"Na kioo nikikiweka mbele yako?"

"Kitakuwa mbele yangu," Zuberi akasema taratibu, kama mtu anayehesabiwa makosa. Halafu akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka siku ile. "Mshamu, wewe ni mshenzi."

"Najua. Nikiweke wapi?"

"Pale kati, mpera na mpapai. Nyuma zaidi. Kiinamishe, najiona mimi mwenyewe, na mimi sina haja ya kunyweshwa. Kulia. Kulia kwangu, siyo kwako. Basi. Kiache hapohapo."

Mshamu alikiegemeza kwenye kijiti kilichokuwa kimechomekwa pale, akakitikisa kuona kama kimekaa, kimekaa. Hakuangalia kijiti kimechomekwa kwa ajili ya nini. Mtu mwenye haraka anaona kijiti tu. Alikuwa anaangalia kioo, na ndani ya kioo kulikuwa na sura ya mwanaume aliyechoka, mashavu yameingia, na kwa nusu ya pumzi akadhani ni baba yake amesimama nyuma yake. Akageuka. Hakukuwa na mtu. Akarudi kwenye kioo, na mwanaume yule akawa bado yupo, anamtazama, ana shati lake Mshamu.

Akaondoka pale haraka.

Macho ya Zuberi yalikuwa kwenye kioo na uso umebadilika. Fikiria mtu amekaa miaka yote nyumbani kwake, hajui kwamba ukuta wa nyuma una dirisha, leo dirisha limefunguliwa. Aliona mndimu, mdogo, mkaidi, majani machache ya manjano yamejikunja, tunda moja limeshikilia. Na nyuma ya mndimu akaona yale ambayo hakuna mchoraji aliyewahi kuyaona kutoka kwenye kile kigoda: vigogo. Safu na safu za vigogo vikavu, vyeupe kama mifupa ya samaki, vinaenda mpaka ukutani. Kila kimoja kilikuwa mtu. Kila kimoja sasa ni mluzi mahali fulani mjini.

"Kumbe ni wengi hivi," Zuberi akasema.

"Hukujua?"

"Nilijua. Nilikuwa sijaona."

Akachora. Alichora kioo na fremu yake ya mbao, na ufa wake wa pembeni, na ile picha ya mtindo wa nywele iliyobandikwa kwenye kona. Ndani ya kioo akauchora mndimu. Hajawahi kuchora vile, hata yeye mwenyewe alijua. Majani ya mpera yalikuwa mazuri lakini haya ya mndimu yalikuwa yanaumwa, unaona kabisa yanaumwa, unataka kuyapa maji kwa mkono wako. Akauma ulimi, akarudisha kichwa nyuma, akasahau woga. Jua likawa linateremka na yeye hajui. Mshamu alikuwa amekaa nyuma yake, anatazama mti wake ukizaliwa mara ya pili, na alijisikia vizuri kiasi cha kuona aibu. Kwa hiyo nipo. Mti upo kwenye turubai kwa hiyo nipo. Lakini asubuhi nilikuwa sipo? Nilikuwa na njaa asubuhi, nilikuwa na hasira, nilijikwaa kidole pale getini na kikauma. Nani aliumia? Kuna mtu aliumia pale. Au maumivu hayahesabiwi mpaka yachorwe?

Mawazo yake yalikatwa pale Zuberi alipoweka brashi chini na kusema kwa sauti nyingine kabisa:

"Kile kioo umekiegemeza kwenye nini?"

"Kijiti."

"Kijiti gani?"

"Kijiti, Zuberi. Kijiti ni kijiti."

"Nenda kaangalie."

Mshamu akaenda. Akainama nyuma ya kioo. Pale palikuwa na mkomamanga, mche, haujafika magotini, umefungwa kwa kitambaa kwenye kile kijiti usianguke. Kitambaa chenyewe kilikuwa kipande cha kanga nyekundu. Alikijua. Mwanahawa, dada yake Zuberi, alivaa kanga ile alipotoka kujifungua.

Akabaki ameinama.

"Ni wa Saumu," Zuberi akasema kutoka kigodani, macho mbele. "Nilikuwa nauona asubuhi. Nikasema nitauchora mwisho kwa sababu ni mdogo, nitulie, niuchore vizuri. Halafu ukaja na kioo."

"Nitakitoa. Nakitoa sasa hivi, uchore."

"Nichore wapi? Pameshajaa. Rangi haipandishwi juu ya rangi, unajua."

"Juu ya kioo basi. Uutokeze."

"Ni mfupi kuliko kioo, Mshamu. Nitautokezea wapi, hewani?"

"Sasa mbona hukusema nilipokiweka?"

"Niliona kioo!" Ndiyo ilikuwa mara ya pekee alipopaza sauti siku ile, na hapohapo akaishusha. "Niliona kioo. Nikaona yaliyomo. Nikasahau kuna kitu nyuma yake."

Wakatazamana, yaani Mshamu alimtazama Zuberi na Zuberi alitazama turubai. Huko nyumbani Mwanahawa alikuwa na mtoto anayeanza kutambaa, ambaye akiitwa Saumu anageuka na kucheka na ufizi. Amejifunza jina lake juzijuzi tu. Kuanzia kesho mtu angempigia mluzi, naye angegeuka vilevile na kucheka vilevile, maana mtoto hajui tofauti. Hiyo ndiyo ilikuwa mbaya kuliko yote.

"Labda Bi Mwatima ataona," Mshamu akasema.

"Bi Mwatima haoni. Bi Mwatima anasoma picha."

Na Bi Mwatima alishafika. Mwanamke mnene, mcheshi, anatafuna kitu muda wote, funguo za tangi zinaning'inia kiunoni. Kaingia na ndoo zake mbili na kata, akasimama nyuma ya Zuberi, akakunja mikono.

"Haya, mchoraji wetu. Mwenzako wa kabla alikuwa akimaliza picha imelala upande mmoja, mpaka mimi mwenyewe shingo inaniuma. Yako imenyooka. Mashallah." Akasogea. "Na hiki nini, kidirisha?"

"Kioo," Zuberi akasema.

"Kioo bustanini. Haya, vijana wa siku hizi. Na ndani yake mndimu. Mndimu mzuri, jamani, unatia huruma. Wa nani huu?"

"Wa Mshamu."

"Mshamu mwenyewe ndiye huyu? Umekonda. Mti wako una afya kuliko wewe."

Akacheka peke yake, akajaza kata, akaanza. Kazi yake haina maneno mengi. Anaangalia picha, anaona mti uko sehemu gani, anaenda sehemu hiyo, anamwaga maji, anaita jina la mwenye mti kwa sauti mpaka wapita njia wasikie, na jina likishaitwa limepona mpaka kiangazi kingine. Aliunywesha mpera, akaita. Akaunywesha mpapai, akaita. Halafu akaangalia tena picha. Kati ya mpera na mpapai, picha inasema, kuna mndimu. Akaenda kati ya mpera na mpapai. Kioo kilikuwa kinamzuia, akakishika kwa mkono mmoja akakilaza kwenye majani kama anavyosogeza kiti. Akamwaga kata nzima juu ya mkomamanga.

"Mshamu wa Mbaruku! Maji yako!" Mbaruku ni babu yake, maana la baba halitajwi tena.

Nje ya ukuta mtu akaitikia, "Tumesikia."

Maji yalizama ardhini kwa mlio ule wa kitu chenye kiu. Mkomamanga ukatikisika. Bi Mwatima akaenda zake kwenye mstafeli.

Zuberi alikuja mpaka alipo Mshamu, akamshika mkono, akasema kwa kunong'ona, "Shukuru Mungu. Umepona."

"Mimi nimepona?"

"Jina lako limeitwa. Limesikika mpaka barabarani."

"Mti wangu uko kule." Akaonyesha kwa kidevu. "Umepata tone hata moja?"

"Mti utakufa, sawa, lakini nani atajua? Picha inasema umenyweshwa. Mwakani nitakichora tena kioo. Utakuwa na jina mpaka uzee."

"Na Saumu?"

"Mche umepata maji. Utaishi. Si ndiyo muhimu, uishi?"

Basi Mshamu akasimama pale na jina lake. Alilisikia bado limening'inia hewani, Mshamu wa Mbaruku, zuri, limekamilika, halina ufa. Jina lisilokuwa na kitu chini yake. Kule nyuma mndimu unakufa na ndiyo yeye, hapa mbele mkomamanga unakunywa kwa jina lake na siyo yeye. Angeweza kutembea nalo. Watu wangapi mjini wanatembea hivyohivyo? Labda kuna mpera huko ulishakufa zamani, watu wanachora mpera, wanakimwagia maji kigogo, na mwenye mpera anatembea kifua mbele sokoni. Labda wote. Labda mji mzima ni majina yanayokunywa maji ya wengine. Na mtoto mmoja, ambaye mti wake ndio huu, hai, umelowa mpaka mizizi, kesho haitwi.

Haikuwa huruma iliyomfanya aseme. Mshamu hakuwa mtu wa huruma nyingi. Kioo alikiegemeza yeye, na kitu alichokiegemeza yeye hawezi kusema ndivyo kilivyo.

"Bi Mwatima."

"Naam, mwanangu."

"Pale ulipomwaga hapana mndimu."

"Upo. Picha inasema upo."

"Angalia chini. Ni mkomamanga. Wa mtoto wa Mwanahawa."

Bi Mwatima hakugeuka. Aliacha kutafuna tu. "Mimi siangalii chini, mwanangu. Kazi yangu ni kuangalia picha. Nikianza kuangalia chini, niangalie mpaka wapi? Nikiona hapa kuna kosa, nitaona na pale. Nitarudi nyumbani saa ngapi?"

"Basi nataka kulitoa."

"Kulitoa nini?"

"Jina. Nasikia mwenyewe anaweza kulitoa."

Zuberi akamvuta shati. "Wewe una wazimu. Nyamaza."

"Anaweza," Bi Mwatima akasema. Sasa aligeuka, na kwa mara ya kwanza alimtazama vizuri, kama mtu anayepima nguo. "Ni sheria ya zamani, hakuna anayeitumia. Atakaye kulitoa anashika kata mwenyewe, anamwaga mwenyewe, anaita la huyo anayempa. Ila lako halirudi. Mama yako yupo hai?"

"Yupo."

"Umemfikiria?"

Mshamu alimfikiria mama yake amesimama mlangoni, akiita watu wawili kwa namna moja. Atalazimika kutafuta sauti ya pili. Akalifikiria hilo mpaka mwisho, halafu akanyoosha mkono. Bi Mwatima akampa kata. Akaenda mpaka penye mkomamanga, akachutama, akamwaga taratibu maji yasimwagike nje, akasimama, na akaita kwa sauti ya kawaida kabisa ya mtu anayeita wateja kibandani:

"Saumu wa Mwanahawa. Maji yako."

Nje ya ukuta yule mtu akasema, "Tumesikia."

Bi Mwatima akachukua kata yake, akatoa funguo, akaenda kufunga tangi. Alipompita alimwekea kiganja begani, akaendelea na safari yake.

Zuberi alikuwa ameshaanza kuosha brashi. Aliziosha kwa bidii, moja moja, anakamua maji kwa vidole. Picha ilikuwa imeegemea kigoda, bado mbichi, na hakika ilikuwa nzuri, watu wangeisifia mji mzima. Mshamu akakiokota kioo, akakitia kwapani. Akasubiri.

"Dada atakushukuru sana," Zuberi akasema, akiwa ameinamia kopo. "Nitamweleza yote. Nitamwambia nani aliyefanya."

"Utamwambia ni nani?"

Zuberi akaendelea kukamua brashi ambayo ilishakuwa safi.

"Kesho upite nyumbani," akasema mwishowe. "Tule pamoja. Upite kesho," na hapo sentensi ikabaki wazi mwishoni, pale ambapo tangu utotoni palikuwa na neno moja lililokuwa linakaa. Midomo yake ilikutana kulitamka, Mshamu aliiona ikikutana. Hawakuwa na mtu wa kuwasikia. Bi Mwatima alikuwa mbali kule tangini, amewapa mgongo, kwa makusudi au kwa bahati, na wapita njia walishakwenda. Ilikuwa ni kulisema tu, mara moja, kati yao wawili.

Zuberi akaachanisha midomo. Akachukua brashi nyingine.

Mshamu alimtazama muda kidogo, mpaka jua, ambalo sasa halikuwa na wa kumsubiri, likaingia nyuma ya ukuta. Kisha akakiweka kioo vizuri kwapani, akageuka, akaenda zake.